Filamu yetu imepata mnunuzi Ulaya. Je, niruhusu uso wangu uende nayo?

*"Habari yako. Mimi ni mwanamke transjenda, yaani nilipozaliwa nilihesabiwa mvulana, naishi Kayole, Nairobi. Miaka miwili iliyopita niliigiza kwenye filamu ya vijana wa mtaani. Tulipiga usiku kwa simu na kamera ya kuazima, sehemu kubwa ndani ya chumba changu, na hatukuwa na leseni. Nilisaini karatasi moja inayosema sura yangu inaweza kutumika popote na kwa njia yoyote, nikapewa elfu sita. Sasa mwongozaji anasema kuna kampuni ya usambazaji ya Ulaya inayotaka haki zote, dunia nzima, kwa miaka 15. Wanataka uso wangu uwe kwenye bango, na trela iseme wazi kwamba mimi ni transjenda. Nyumbani Kakamega mama hajui. Kazini hawajui, nasuka kwenye saluni ambayo wateja wengi ni akina mama wa kanisa. Mwongozaji ananiambia nitulie, Kenya itafungiwa, hakuna atakayeiona huku. Filamu naipenda na kazi niliyofanya mle ndani najivunia, sitaki kuiua. Je, niruhusu? Nikikataa, nina haki hiyo? Na pesa, nitaona chochote?"*

Dada, umefanya vyema kuandika kabla mkataba haujatiwa saini. Wengi hunitafuta trela ikiwa imeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nikikusoma vizuri, unataka kujua mambo matatu: kama filamu inaweza kuzunguka dunia bila kufika Kayole na Kakamega, kama ile karatasi imekufunga, na kama kuna shilingi itakayokufikia. Nitayagusa yote, ila nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu hapo ndipo mwongozaji wako amekupa jibu lisilo sahihi. Nadhani ana nia njema. Wengi wanaamini anachokiamini yeye.

Mtandao wa filamu unapofungia nchi fulani, seva yake hutazama anwani ya intaneti ya kifaa kinachoomba filamu, hukisia kiko nchi gani, kisha huruhusu au hukataa. Basi. Mwenye VPN, ile programu inayoficha uko nchi gani, anapita. Anayerekodi kioo cha kompyuta yake anapita, na filamu ikishatupwa kwenye Telegram hakuna tena cha kufungia. Lakini hata hayo siyo yanayonipa wasiwasi mkubwa juu yako. Wakenya hawako Kenya tu. Binamu aliye Dallas, jirani wa zamani anayefanya kazi Doha, mtoto wa mchungaji anayesoma Leeds, hao wote hawajafungiwa. Mmoja akikuona atapiga picha kioo na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla filamu haijaisha. Nchi inaweza kufungiwa, ukoo haufungiki.

Kuna jambo lingine ambalo watayarishaji wengi hawalifikirii mpaka lichelewe. Katika filamu ndogo kama yenu, ni nadra mwigizaji kutambuliwa kwa sababu mtu alikaa akaitazama filamu yote. Hutambuliwa kupitia vile vinavyoitangulia: picha za matangazo, trela, bango, muhtasari wa tamasha, orodha ya majina. Filamu yenyewe iko nyuma ya malipo na nywila. Picha ni ya bure, iko kwenye tovuti ya tamasha, kwenye gazeti, kwenye kurasa za mashabiki, na mitambo ya kutafuta huihifadhi miaka na miaka. Trela kwa kawaida haifungiwi kwa nchi, maana kazi yake ni kuenea.

Sijaiona filamu yenu, lakini kwa kuwa mlipiga chumbani mwako, tuseme wamechagua picha ambayo umesimama dirishani unafunga kilemba, uso umegeuka nusu. Mtu wa Berlin ataona mwanga na mkono wako. Mtu wa Kayole ataona kilicho nyuma yako: ukuta wa ploti ya ng'ambo, na juu yake nambari ya wakala wa M-Pesa iliyoandikwa kwa rangi, kubwa, inasomeka. Nambari ile ni ya duka moja tu. Ukiwa nayo umepata barabara, ukipata barabara umepata dirisha, na dirisha lina mwenyewe. Tena picha zilizopigwa kwa simu mara nyingi hubeba ndani ya faili tarehe na mahali zilipopigwa, na mtu akituma faili ile ilivyo, ametuma na anwani yako.

Kwa hiyo ombi lako la kwanza kwa mwongozaji, hata kabla ya kuzungumzia mkataba, liwe hili: akupe picha zote ambazo ameshatuma au anakusudia kutuma kwa yeyote, pamoja na trela kama ipo. Zitazame kwenye kioo kikubwa, polepole, ukitafuta ukuta, mlango, sare ya kazi, nambari ya matatu, sauti ya mwadhini au ya kwaya inayotambulika. Mengi ya hayo yanaweza kufutwa au kukatwa bila kuharibu chochote. Mimi siungi mkono kuziba uso wako kwa ukungu. Umeigiza kwa uso, na filamu itakufa hapo. Safisha mandhari, chagua picha nyingine kwa bango, uso ubaki ndani ya filamu.

Sasa hilo la kukutangaza kwamba wewe ni transjenda. Usiwadhanie ubaya, ndivyo soko lao linavyokwenda, na wamejifunza kutokana na kazi zilizofanikiwa. Mwaka 2015 *Tangerine*, filamu ya Sean Baker iliyopigwa Los Angeles kwa simu za iPhone 5S, ilianza kwenye tamasha la Sundance, Marekani, ikafika mbali, na msambazaji wake akawapigania waigizaji wawili transjenda, Mya Taylor na Kitana Kiki Rodriguez, wafikiriwe kwa Oscar. Mwaka uliofuata Mya Taylor alishinda tuzo ya Independent Spirit ya mwigizaji msaidizi wa kike. Ilikuwa kazi nzuri na ninaiheshimu. Ila wale wawili walikuwa tayari wanaishi waziwazi, na tangazo lilikuwa lao pia. Kwako wewe, tangazo lilelile linasema kwa niaba yako jambo ambalo hujamwambia mama yako mzazi. Hakuna filamu iliyo na haki hiyo. Wanaweza kukutaja kama mwigizaji, wakasifu uigizaji wako, wakaeleza mhusika ni nani. Maisha yako yabaki mikononi mwako mpaka wewe mwenyewe uamue.

Hapa Nairobi tuna mfano wetu. *Stories of Our Lives*, filamu ya kundi la wasanii la The Nest Collective kuhusu Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao, iliyoongozwa na Jim Chuchu, ilikwenda kwenye tamasha la Toronto mwaka 2014 na walioitengeneza walikuwa wameficha majina. Ni kule kwenye tamasha ndipo baadhi yao walipojitokeza, kwa hiari yao. Tamasha kubwa lilikubali filamu isiyo na majina, basi usikubali kuambiwa kwamba haiwezekani.

Na jina lako katika orodha liwe lile unalotaka lisomwe. Mkataba uandikwe kwa jina la kitambulisho ili uwe na nguvu, lakini karatasi yenye jina hilo ikae kama kiambatisho kwa mtayarishaji na wakili tu, na mkataba useme kwamba jina la kuonekana ni la usanii. Mara nyingi jina la zamani huvuja kupitia orodha iliyotumwa haraka kwa msambazaji, ikaingizwa kwenye hifadhidata. IMDb, hifadhidata kubwa ya filamu mtandaoni, ilibadilisha kanuni zake Agosti 2019 ili mtu transjenda aweze kuomba jina la kuzaliwa liondolewe, lakini ni afadhali lisiingie kabisa.

Tuje kwenye sheria, maana najua hofu iliyoko. Kuwa transjenda si kosa Kenya. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, vinahusu vitendo vya ngono, si utambulisho wa mtu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya kisicho na alama ya jinsia. Yaani mahakama zetu zimeshamtambua mtu kama wewe na zikamsikiliza.

Leseni ni habari nyingine. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani, na kibali kabla ya kuionyesha. Anayepaswa kuomba leseni ni anayetengeneza, na anayepaswa kuomba kibali ni anayeonyesha. Oktoba 2014 aliyekamatwa kwa *Stories of Our Lives* ni mtayarishaji mkuu, George Gachara, na shtaka lilikuwa kupiga filamu bila leseni, baadaye liliondolewa. Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ilizuia *Rafiki* ya Wanuri Kahiu Aprili 2018, mpaka mahakama ilipoifungulia siku saba mwezi wa Septemba, na kumbi zikajaa. Mwaka 2021 ikazuia *I Am Samuel*, filamu ya hali halisi ya Peter Murimi. Zote mbili zinahusu mapenzi ya jinsia moja. Kwa hiyo mwongozaji wako ana sababu zake za kuwa na wasiwasi, na ni haki umwambie azungumze na wakili wake mwenyewe. Lakini akikwambia kwamba ukilalamika wewe ndiye utakayeshikwa kwa sababu ya leseni, usikubali kutishwa hivyo, mpelekee wakili swali hilo.

Niseme na hili, kwa kuwa najua litakuja. Watu watataka muionyeshe kimyakimya mtaani au kwenye ukumbi wa rafiki, kwa mwaliko. Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Ujerumani hapa Nairobi, ilianza tamasha la OUT, la filamu za mashoga, wasagaji na transjenda, mwaka 2011, kwa hiyo filamu za namna hii hazikosi watazamaji hapa. Lakini kuita onyesho "la faragha" hakuliondoi chini ya sheria moja kwa moja, na kila mtu ukumbini ana simu. Kama halina mwandaaji anayejulikana aliyepata ushauri wa kisheria, wewe usiwe ukumbini.

Ile karatasi uliyosaini. Si kweli kwamba haina maana, na si kweli kwamba imemaliza kila kitu. Maneno "popote na kwa njia yoyote" yanampa mwongozaji hoja, na wakili wa kampuni atayasoma kwa furaha. Upande wako una hoja pia. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa mwigizaji haki juu ya uigizaji wake. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu jinsia na mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa taarifa nyeti, na inakuruhusu kuondoa ridhaa uliyoitoa, ingawa kuiondoa hakubatilishi yaliyofanyika kabla. Sheria hiyo si maneno matupu: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Kampuni ikiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, inabanwa pia na kanuni ya data ya huko iliyoanza kutumika Mei 2018.

Lakini nisikufiche: sheria yetu hiyohiyo ina msamaha kwa kazi za sanaa zenye maslahi ya umma. Kwenye filamu yenyewe mwongozaji anaweza kuukimbilia msamaha huo, na hakimu anaweza kumsikiliza. Kwenye bango na trela inayotangaza utambulisho wako binafsi, naona hoja yake ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana nakushauri usipigane kuizuia filamu nzima. Pigania picha, trela, jina na lile tangazo kwamba wewe ni transjenda. Hapo una nguvu, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Tena una nguvu nyingine usiyoijua. Msambazaji yeyote makini, kabla ya kulipa, hudai hati zinazoonyesha kwamba kila aliyeonekana ametoa ruhusa, na kwamba haki zote ni safi. Karatasi ya ukurasa mmoja, ya miaka miwili iliyopita, ya mwigizaji mkuu ambaye sasa ana pingamizi kwa maandishi, itawafanya wasite. Hawataki kesi. Mwongozaji anahitaji saini yako mpya kuliko anavyoonyesha. Hiyo nguvu unayo leo. Wakishasaini wao kwa wao, imekwisha.

Kuhusu pesa. Kwa hali ilivyo sasa, hutapata chochote zaidi ya zile elfu sita, na huenda mwongozaji naye asipate kitu. Tuseme stesheni ya televisheni ya Ulaya imelipa euro 4,000. Msambazaji anatoa kamisheni yake. Asilimia 30 ni euro 1,200. Zinabaki 2,800. Kisha anatoa gharama: bango, manukuu, ada za matamasha, safari ya kwenda sokoni. Akiandika gharama za euro 5,000, na mkataba haukuweka kikomo, filamu bado "inadaiwa" 2,200 hata baada ya kuuzwa. Mauzo yanayofuata yanaanza kwa kulipa deni hilo. Ndivyo filamu inavyozunguka miaka huku waliomo ndani hawajaona senti, bila mtu yeyote kuiba.

Jambo hili ni la zamani kuliko sisi. Holly Woodlawn, mzaliwa wa Puerto Rico, aliigiza katika *Trash* ya Paul Morrissey mwaka 1970, filamu iliyotayarishwa na Andy Warhol na iliyopita njia za chini kwa chini mpaka ikaingia kumbi kubwa. Uigizaji wake ulisifiwa kiasi kwamba mwongozaji mkongwe wa Hollywood, George Cukor, aliwaomba watu wa Oscar wamfikirie. Sifa zilikuja, pesa hazikuja. Jina lake liliuza tikiti ambazo hakuwa na fungu ndani yake. Nakutajia kwa sababu hata wewe wanakuweka kwenye bango, na mtu wa bango lazima awe na fungu lililoandikwa: asilimia fulani ya kila pesa inayomfikia mtayarishaji, hesabu ya kila mwaka kwa maandishi, na malipo ya ziada, mbali na hayo, kila uso wako unapotumika kuuza.

Basi ufanye nini? Mkataba huo kama ulivyo nisingeuunga mkono, hata kama mama yako angekuwa anajua kila kitu. Haki zote, dunia nzima, miaka 15, ni kuiuza filamu kwa jina la kuisambaza. Kukataa kabisa kutia saini mpya ni haki yako pia, na hakuna anayeweza kukuita msaliti, lakini umesema hutaki kuiua na nakuamini. Iliyobaki ni kuupunguza: miaka mitatu hadi mitano, nchi zilizotajwa kwa majina, matamasha na kumbi za sinema kwanza, mitandao ya kulipia baadaye na kwa ridhaa yako mpya. Ukumbi una ulinzi ambao mtandao hauna. Filamu ya ukumbini huweza kutumwa kama faili iliyofungwa kwa ufunguo wa kidijitali, unaofungua kwenye mashine ile tu na kwa saa zile tu. Viungo vya kutazama vinavyotumwa kwa waandishi na wateuzi wa matamasha vibebe jina la aliyetumiwa juu ya picha, ili kikivuja ajulikane.

Kampuni inaweza kusema kwa masharti hayo bei inashuka. Itashuka, ndiyo. Inaweza hata kuondoka. Hapo msione dunia imefika mwisho. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 Film-Makers' Cooperative, ushirika wa watengenezaji filamu wa New York, umesambaza filamu za pembeni bila kuchukua umiliki. Mtengenezaji hubaki na haki zake na hupata sehemu ya malipo kila filamu inapokodishwa. Nigeria, mwaka 2020, waliotengeneza filamu ya *Ìfé* waliiuza kwenye tovuti yao wenyewe. Njia hizi zina jasho jingi na pesa ni kidogo, na hiyo ya tovuti inarudisha hatari zile za mtandao. Lakini mnaamua wenyewe nani anaona, lini, na nini kinabandikwa ukutani.

Na hata mkataba ukiwa mzuri namna gani, jipange kama mtu anayejua kwamba siku moja habari inaweza kufika. Simaanishi umwambie mama. Usiruhusu filamu ikusukume kwenye mazungumzo ambayo hayajaiva. Namaanisha ujue ni nani utampigia simu usiku ule, utalala wapi mwenye ploti akigeuka, na kama mwenye saluni ni mtu wa kuongea naye. Weka nauli na kodi ya mwezi pembeni, kwa jina lako.

Sasa nenda ukaonane na mtu ana kwa ana, kwa sababu mkataba unasomwa mezani. NGLHRC, shirika la haki za mashoga na wasagaji hapa Nairobi, hutoa msaada wa kisheria bila malipo, na shirika la Jinsiangu linafanya kazi na watu transjenda na wenye jinsia mchanganyiko. Wanaweza kukuelekeza kwa wakili asiyekushangaa. Nenda upesi zaidi, hata leo, kama kuna mtu ameanza kukutumia picha na kukudai pesa. Usilipe wala usifute jumbe. Hilo ni kosa la jinai upande wake. Na kama hofu imekunyima usingizi na hamu ya chakula, mwambie yule utakayeonana naye pia. Mshauri ni sehemu ya msaada huo, na hahitaji uwe na kesi.

Ukienda, beba nakala ya karatasi ya kwanza, ujumbe wowote wa M-Pesa unaoonyesha malipo yako, rasimu ya mkataba wa Ulaya kama mwongozaji atakupa, na picha zile. Akikataa kukupa rasimu, muombe kwa maandishi ili wakili aone alikataa. Na akikutumia kiungo cha kusaini kwenye simu, mjibu kwamba hujasaini na hutasaini hadi wakili asome.